Kabla hujavunja pedi ya gemu ya mtoto: hivi gemu za kuuana zinafundisha watoto ukatili kweli?

Baba Shani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mtaani kwetu huku Mbagala watoto wawili wa darasa la tano walipigana wakitoka shule, mmoja akapasuliwa juu ya jicho kwa jiwe. Kikao cha mtaa kilipokaa hakikuchukua hata robo saa kumpata mkosaji: mwenye banda la gemu. Wazee wakasimama mmoja mmoja. Watoto wanajifunza kuua kule. Wanaona damu, wanazoea damu. Banda lifungwe. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kuna mtu yeyote aliyewauliza hao watoto walikuwa wanagombania nini. Nikaonekana nimetumwa.

Nimeileta huku kwa sababu mtaani hoja inaishia kwenye kelele. Msimamo wangu nausema mapema ili atakayepinga apinge vizuri: gemu za kuuana hazimgeuzi mtoto kuwa muuaji, na watu wamelitafuta jambo hilo miaka mingi bila kulipata. Lakini hilo halimpi mzazi ruhusa ya kulala. Kuna vitu kwenye gemu vinavyomla mtoto kweli, na sisi tunashughulika na damu ya kwenye kioo kwa sababu ndiyo rahisi kuiona ukichungulia mlangoni.

Ubishi huu una umri kuliko wengi wenu humu. Mortal Kombat ilitoka mwaka 1992, na kuna mhusika mle ukimshinda mwenzako unamng'oa kichwa na uti wa mgongo unaning'inia. Mwaka uliofuata ilipoingia majumbani wazazi wa Marekani wakawaka, na Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakaitisha vikao kuisikiliza kesi hiyo. Wenye kampuni walivyoona Serikali inakuja na rungu wakajiwahi, mwaka 1994 wakaunda chombo chao, ESRB, cha kuweka alama ya umri kwenye kila kasha. Ulaya wakaja na PEGI mwaka 2003, ile yenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. GTA, ile gemu ya kupora magari, ina 18. Mortal Kombat ina 18. Maana yake hata waliozitengeneza hawakumlenga mtoto wa darasa la tano. Hapo sibishani na mtu.

Kisha ikaja Columbine, Aprili 20, 1999. Wanafunzi wawili waliua wenzao 12 na mwalimu mmoja shuleni kwao Colorado, ikajulikana walikuwa wapenzi wa gemu ya Doom. Tangu siku ile, kijana akifyatua risasi Marekani swali la kwanza ni alikuwa anacheza gemu gani. Na jibu litapatikana tu, kwa sababu vijana wa kiume wanaocheza gemu ni wengi mno. Ni sawa na kumkamata mwizi, ukakuta anakula ugali, ukatangaza kwamba ugali unaleta wizi.

California walitunga sheria mwaka 2005: ukimuuzia mtoto gemu ya ukatili, faini hadi dola 1,000. Sheria ikapelekwa mahakamani, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Juni 2011 ikafutwa, majaji saba kwa wawili. Jaji Scalia aliyeandika hukumu alisema tafiti zilizoletwa hazithibitishi kwamba gemu ndizo zinazowafanya watoto wawe wakatili, akakumbusha pia kwamba hadithi za kale za watoto zimejaa damu. Nikacheka kidogo hapo. Sisi tumelazwa na hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima mpaka mtu mmoja alipasue tumbo watu watoke, na bibi aliyezisimulia hakuitwa kwenye kikao cha mtaa.

Sasa tafiti zenyewe. Wapo wanaosema madhara yapo, kiongozi wao ni Craig Anderson, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Iowa State, Marekani. Mwaka 2010 yeye na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakazijumlisha, wakapata uhusiano kati ya gemu hizo na ukali. Upo, ila mdogo. Na ukisoma huo ukali ulipimwaje ndipo unapoanza kujikuna kichwa. Maabara huwezi kuwaruhusu watu wapigane kweli, kwa hiyo baada ya kucheza unapewa kitufe cha kumpigia mwenzako kelele masikioni, wanaangalia umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Au unaambiwa umwekee pilipili mtu asiyependa pilipili, kisha wanaipima. Mimi mke wangu angefungwa maisha.

Upande wa pili, mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein walichukua vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, kama elfu moja hivi, pamoja na wazazi wao. Walifanya vitu viwili ninavyovipenda. Kwanza, walitangaza kabla ya kuanza watapima nini na kwa njia gani, ili wasije wakachagua majibu yanayowapendeza. Pili, ukatili wa gemu waliuchukua kutoka kwenye alama rasmi, hawakumwachia mtoto ajisemee, na tabia ya mtoto wakamuuliza mzazi. Hawakupata kitu. Mtoto anayecheza gemu za kuuana hakuwa mkali kuliko asiyecheza.

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, ndicho kimejaribu kukaa katikati. Mwaka 2015 kilisema gemu hizi zinahusiana na ukali, yaani kufoka, kusukumana, mawazo ya ugomvi. Mwaka 2020 kikalirudia tamko lile na kuonya kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha na uhalifu wa damu, na kwamba kulaumu gemu kila yakitokea mauaji kunawafanya watu wasiangalie sababu nyingine. Ongeza na hili: uhalifu wa kikatili wa vijana Marekani ulianza kushuka katikati ya miaka ya 1990, miaka ileile gemu zilipokuwa zinaingia kila sebule.

Nawasilisha. Karibuni, ila njooni na hoja.

Mkulima wa Nzega

Maelezo marefu, yote ya wazungu. Nina swali moja tu. Kama mtoto hajifunzi kwa kuona na kurudiarudia, shuleni tunawakaririsha jedwali la kuzidisha la nini? Anakaa saa nne anapora magari, anakanyaga watu barabarani, ukimtoa pale awe malaika? Samaki mkunje angali mbichi. Kwangu gemu hakuna na watoto wangu wako sawa.

Mwalimu wa Zamu

Mkulima amegusa penyewe, msimrukie.

Nafundisha madarasa ya chini, Morogoro. Chuoni tulisoma jaribio la Albert Bandura, Stanford, 1961. Watoto wa miaka mitatu hadi sita waliwekwa chumbani na mtu mzima anayepiga mdoli mkubwa wa kujazwa upepo, anaupiga nyundo, anaurusha juu, huku anausemesha. Watoto walipoachwa na mdoli ule waliyafanya yaleyale, wengine mpaka na maneno yaleyale. Kwa hiyo mtoto mdogo anaiga, hilo halina mjadala. Kuna waliosema mdoli umetengenezwa ili upigwe, mtoto angeufanya nini kingine? Hoja ya haki hiyo. Lakini mimi naona kila wiki.

Ila mnajua ninachokiona? Mieleka. Ile ya kwenye runinga. Jumatatu asubuhi mtoto wa darasa la pili anapanda juu ya dawati, anapiga kiwiko chake makofi mawili, anajirusha juu ya mwenzake aliyelala chini. Nimeshapeleka mtoto zahanati kwa ajili ya hiyo. Hakuna kikao cha mtaa kilichowahi kukaa kuhusu mieleka, kwa sababu baba naye anaiangalia.

Baba Shani, utafiti wako wa Oxford ni wa watoto wa miaka 14 na 15. Wangu wana saba, nane. Usinichanganyie. Wa kidato cha pili anajua huu ni mchezo, anajua nyama ikikatwa inauma. Wa darasa la pili mpaka huo hajaujua vizuri. Mtoto wa umri huo simtaki kabisa mbele ya gemu ya kuuana, na sihitaji maabara kuniambia.

Halafu kuna kitu kingine ambacho wazazi mnakiita ukali. Nina mwanafunzi anaingia darasani asubuhi macho mekundu, kufika saa nne amelaza kichwa juu ya daftari, ukimgusa begani anarusha mkono. Mama yake kaja analia: mwalimu, gemu zimemharibu mwanangu, amekuwa mkali. Nikamuuliza analala saa ngapi. Hajui! Anajua anamwacha sebuleni na simu saa tatu usiku, basi. Mtoto hajalala huyo. Hata mtu mzima ukimkosesha usingizi wiki nzima atakung'ata.

MwenyeBanda

Mimi ndiye mnayemsema. Siyo wa Mbagala, niko Mwananyamala, lakini kazi ni moja. Nina TV nne na mashine za PlayStation: PS3 mbili, PS4 moja na PS2 moja mzee wangu hafi.

Tuanze na ukweli ambao anayeingia bandani anaujua na anayechungulia mlangoni haujui: wanaocheza gemu za kuuana ni wachache. Banda linaendeshwa na mpira. FIFA na PES, kutwa. Mtoto anakuja na mia tano yake anataka mechi moja, na wengine wako nyuma yake wanasubiri zamu, kelele kama uwanja wa taifa. Anayecheza GTA ni yule aliyekosa mtu wa kucheza naye, anakaa kwenye PS2 kule pembeni na San Andreas, gemu ya mwaka 2004, wengine walikuwa hawajazaliwa.

Na wengi hata hawafiki hatua ya kuua mtu. Anazungusha gari tu. Anaingia baharini nalo aone kama litaelea. Anatafuta ndege.

Niwaambie kisa. Siku moja mama mmoja kaja bandani mkononi na daftari la Hisabati la mwanawe, anatetemeka. Kafungua ukurasa wa nyuma: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Chini yake mistari mingine kama hiyo, imepigwa rula vizuri, kila mmoja una jina lake pembeni. Anasema hii ni nini, mwanangu ameingizwa Freemason? Nikamwambia mama, hivyo ni vitufe vya pedi kwa mpangilio wa kubonyeza, huo wa kwanza ni wa kupata silaha San Andreas, huu wa chini wa kujaza damu na pesa. Akaniuliza, na ameukariri wote? Nikamwita mtoto akauimba wote bila kuangalia. Mama akakaa kwenye benchi, akasema jedwali la saba hajui huyu.

Sasa nikirudi kwenye hizo alama za umri alizozisema mleta uzi. Ndugu yangu, mimi kasha la gemu lenye hiyo namba 18 nimeliona dukani, kwangu halijawahi kufika. Diski za PS2 zinachomwa, unapewa mkononi imeandikwa kwa maka peni: "GTA". PS3 imechipiwa ili isome gemu za kunakili, gemu unajaziwa kwenye diski ngumu, thelathini kwa mpigo, kwa bei ya sahani chache za chipsi mayai. Alama ilibaki kwenye kasha, kasha lilibaki ng'ambo. Kwa hiyo mzazi anayesema sikujua ina 18 simlaumu. Angejulia wapi?

Mleta uzi, hukumalizia. Hao watoto waligombania nini? Acha nikisie: dau.

Baba Shani

Umepatia. Mia tano. Mechi ya mpira, waliwekeana. Aliyefungwa akagoma kulipa, akasema pedi aliyopewa ilikuwa mbovu, kitufe cha kupiga kinazama hakirudi. Mwenzake akamsubiri kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Na ndiyo maana nilisema kikao hakikuuliza. Gemu iliyomwaga damu mtaani kwetu ni ya mpira, ambayo kwenye hiyo PEGI ina namba 3. Yaani wa chekechea anaruhusiwa.

Mwalimu, la umri nimelipokea. Niliongea kama watoto wote ni wamoja.

Kijana wa Kisauni

Hapo kwenye dau ndipo penye moto wenyewe, jamani. Huku Mombasa mtoto hachezi tena bure, raha haipo bila kuweka kitu. Anaanza na pesa ya chapati, anaishia na pesa ya shule. Nishaona mtoto kaacha viatu vyake bandani kama rehani, akenda zake nyumbani pekupeku. Na mwenye banda anajua, anachukua fungu lake. Kisha mnaniambia tatizo ni bunduki za kwenye skrini.

Lingine, kuna watoto wamenaswa kweli, tusijifanye hatuwaoni. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini angalieni masharti yao: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepanda juu ya kila kitu maishani mwake, anaona madhara na bado anaendelea, na hali hiyo imekaa kama miezi 12 mpaka imeharibu shule au nyumba. Si kila mtoto anayelia ukimpokonya simu ana ugonjwa. Wengine wanalia kwa sababu umewapokonya simu.

Mkulima wa Nzega

Sasa mnakubaliana na mimi bila kusema. Dau, usingizi, pesa, vyote vimeletwa na gemu. Ukiondoa gemu umeviondoa vyote. Kwangu mtoto akionekana kwenye banda anakula fimbo, na harudii mara mbili.

Mama Nuru

Nawasalimu kutoka Leicester. Shikamooni wakubwa zangu.

Huku sheria ipo. Tangu Julai 2012 duka likimuuzia mtoto gemu yenye 12, 16 au 18 wakati hajafika umri huo, ni kosa la jinai. Mwanangu alipata GTA ana miaka kumi na moja. Vipi? Baba yake mdogo alimnunulia, zawadi ya Eid, kaifunga na karatasi ya kung'aa. Duka limefuata sheria, mtu mzima kanunua, kila kitu halali. Kwa hiyo msitegemee sana kwamba Serikali ikikaza kamba mambo yataisha. Korea Kusini mwaka 2011 walizima gemu za mtandaoni kwa watoto walio chini ya miaka 16, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakawa wanaingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi. Miaka kumi baadaye, 2021, wakatangaza kuiondoa. Mwaka huohuo China ndiyo ikabana zaidi: aliye chini ya miaka 18 anacheza saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wakazuka watu wa kukodisha akaunti za wakubwa.

Mimi nilichofanya, nilikaa naye kwenye kochi nikamwambia nionyeshe. Akaona aibu, hasa kuna sehemu wanawake wa mle wamevaa vile wanavyovaa, akawa anageuza kamera haraka haraka. Nikajua hapo kwamba anaelewa kabisa kwamba hii si ya kwake. Hatukugombana. Tuliirudisha kabatini, baba mdogo nikampigia simu nikamwambia yake aliyostahili.

Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa GTA. Ilikuwa gemu nyingine, ya kawaida tu, ya kupigana kwa timu mtandaoni na kipaza sauti masikioni. Nilivaa hizo hedifoni dakika mbili. Watu wazima, sauti za wanaume wenye ndevu, wanamtukana mtoto wa miaka kumi na moja matusi ya rangi yake na dini yake na mama yake, yaani mimi. Na mmoja anamuuliza kwa upole anakaa mtaa gani. Alama ya kwenye kasha haikuambii hilo, kwa sababu inapima kilichotengenezwa na kampuni, haipimi nani mwanao atakutana naye mle ndani.

PS4 na PS5 zina sehemu ya familia, unaweka umri wa mtoto, unaweka kikomo cha muda na cha pesa, na unazima mazungumzo na wasiojulikana. Kwenye simu za Android kuna Family Link ya Google. Nusu saa ya kazi, umemaliza.

MwenyeBanda

Mama Nuru, hapo kwenye Family Link nikupunguze kasi kidogo. Hiyo inataka mtoto awe na simu yake na akaunti yake. Huku mtoto anacheza Free Fire, gemu ya bunduki ya mtandaoni, kwenye simu ya mama. Gemu imesajiliwa kwa jina la mama, umri wa mama. Gemu yenyewe inajua inacheza na mwanamke wa miaka thelathini na nane.

Mama Nuru

Astaghfirullah. Hilo sikulifikiria.

Baba Shani

Mkulima, nakurudia wewe, kwa heshima zote, kaka. Umesema fimbo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, Serikali ikishirikiana na UNICEF, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa) ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ripoti ikatoka 2011. Vijana waliulizwa yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa: ngumi, mateke, viboko. Na waliotajwa zaidi kuwapiga ni ndugu na walimu.

Sasa tuseme Bandura yuko sahihi, mtoto anaiga anachokiona mtu mzima akifanya. Mtu mzima gani anamwona zaidi? Yule wa San Andreas, au yule aliyemkunjia shati juzi kwa sababu chenji imepungua? Ukiniambia mtoto anajifunza kutatua ugomvi kwa ngumi, nakubali. Nabisha tu kuhusu alikojifunzia.

Na sheria inatutaja kwa jina. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na ukatili na mazingira yanayomhatarisha kimwili na kimaadili, na kumpa malezi na mwongozo. Imesema mzazi. Mwenye banda ana makosa yake, lakini wajibu huo haukuandikwa kwa ajili yake.

Mkulima wa Nzega

Sheria hiyohiyo haikatazi kumrudi mtoto kwa kiasi, inakataza kupitiliza. Soma yote, usichague. Na mimi nilichapwa, nikawa mtu, nimesomesha watatu. Hao wenu wa kubembelezwa ndio wanaokaa na simu mpaka saa nane usiku.

Mwalimu wa Zamu

Kaka Mkulima, wako hawaendi bandani kwa sababu ya fimbo, au kwa sababu una shamba na wakirudi shule kuna kazi ya kufanya na mtu wa kufanya naye? Nauliza tu. Kwa sababu mtoto wa mjini akirudi saa tisa anakuta mlango una kufuli, mama yuko Kariakoo mpaka saa mbili usiku, baba yuko kwenye bodaboda. Uwanja wa mpira umejengwa fremu. Bandani kuna kivuli, kuna wenzake, kuna mtu mzima mmoja angalau. Ukilifunga aende wapi?

Mkulima wa Nzega

Hilo la uwanja ni kweli. Huku tuna uwanja.

Lakini fimbo siiachi.

Kijana wa Kisauni

😂😂 Mzee hatetereki.

MwenyeBanda, na wewe hujaponea hapa. Unafungua saa ngapi? Unaruhusu watoto wenye sare za shule? Dau unalijua au hulijui?

MwenyeBanda

Sare siruhusu mpaka saa tisa na nusu. Wanakuja na fulana ndani ya begi, wanavulia chooni kwa jirani, hiyo siwezi kuizuia. Saa moja usiku wadogo wote nje. San Andreas ni kwa wakubwa, nimesema tangu mwaka jana, ingawa kwenye PS2 nasimamia kwa macho tu, mashine yenyewe haina kufuli la kumzuia mtoto.

Dau nalijua. Wanawekeana kwa vidole mgongoni, nadhani mwenye banda yeyote atakayekuambia hajui anakudanganya. Pesa sichukui. Nikiona zimetoka mfukoni nazima TV, lakini wakimalizana nje sina mamlaka. Mzazi akija kuuliza namwambia mwanao anakuja siku gani, anacheza na nani, anatumia kiasi gani. Shida ni kwamba hawaji kuuliza. Wanakuja na mwenyekiti.

Baba Shani

Basi hilo ndilo nitakalolipeleka kikao kijacho: saa za kufungua, sare, hakuna dau, GTA si ya wadogo, na wazazi tupokezane Jumamosi mmoja mmoja kukaa mle ndani saa moja. Wakikataa nitaandika hapa nani alikataa. Simaanishi majina 😂

Dada Vocha

Samahanini nimechelewa kwenye uzi, na swali langu ni la pembeni kidogo. Simu yangu ina Free Fire ya mwanangu. Mwezi huu salio la M-Pesa limepungua mara mbili na kuna miamala ya lipa namba ambayo siijui, jina la mtu simjui. PIN ninayo mimi peke yangu na simu ina alama ya kidole. Niripoti wizi?

MwenyeBanda

Dada, usiripoti kwanza. Hiyo lipa namba huenda ni ya muuza almasi za Free Fire. Wako wengi, wanatangaza WhatsApp, mtoto anatuma pesa na namba yake ya mchezaji anajaziwa. Almasi ndizo zinanunua nguo na mapambo ya mchezaji, na asiye nazo wenzake wanamcheka.

PIN yako ni mwaka wake wa kuzaliwa?

Dada Vocha

...

Ndiyo.

MwenyeBanda

Badilisha leo, na usiibonyeze mbele yake. Kuhusu kidole: ingia setingi, sehemu ya usalama, angalia alama za vidole zilizosajiliwa kwenye hiyo simu. Inatakiwa iwe moja, yako.

Dada Vocha

Ziko nne.